Jina la tabibu wa Makka lirudishwe

Mwaka 1889 kilichapishwa Leiden kitabu cha picha, Bilder aus Mekka, kikiwa na jina la mwanachuoni wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje. Picha zilizomo ni kazi ya tabibu wa Makka, Sayyid Abd al-Ghaffar. Tabibu huyo alikuwa akitia saini picha zake kwa khati ya Kiarabu. Saini hizo zilifutwa. Huo ni wizi, na hatuoni sababu ya kuutafutia jina laini.

Watetezi wa Hurgronje husema alimtaja kuwa ni daktari wa Makka, na kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa zama zile. Utetezi huo hausimami. Hurgronje alikuwa msomi aliyejua thamani ya jina juu ya kazi, lake hakulisahau.

Tena hakwenda Hijazi kwa ajili ya elimu tu. Tangu 1873 Waholanzi walikuwa vitani Aceh, kisiwani Sumatra, na serikali yao iliwahofia mahujaji waliorudi huko kutoka Makka. Mwaka 1884 Hurgronje alifika Jeddah, na katika ubalozi mdogo wa nchi yake wakapigwa picha mahujaji wa makoloni. Akasilimu, akajiita (ajabu ya Mungu!) Abd al-Ghaffar, akaingia Makka 1885. Agosti mwaka huohuo watawala wa Kiosmani wakamfukuza kabla ya hija. Hija hakuiona, picha alizipata kwa tabibu.

Baadaye akawa mshauri wa serikali ya kikoloni. Kuhusu Aceh, ushauri wake ulikuwa kwamba maulamaa wanaopigana wavunjwe kwa silaha, na machifu wavutwe upande wa Waholanzi. Anayezitazama picha zile bila kujua hayo ameona nusu yake.

Wala wasituambie kwamba Mzungu ndiye aliyeifungulia Makka mlango wa kamera. Muhammad Sadiq, afisa wa jeshi la Misri, alipiga picha Madina mwaka 1861 na Makka mwaka 1880.

Watafiti wamekwisha kumtambua tabibu. Kilichobaki ni kazi ya vyuo, makumbusho, wauzaji wa mnadani na wachapishaji, nasi wa magazeti tukiwamo: kila picha yake itolewe kwa jina lake, na maelezo yaseme saini ilifutwa na nani. Asiyekuwa tayari kufanya hivyo asizichapishe.