Staa Akiokoka, Sisi Tunakimbilia Kufukua Picha Zake za Zamani

Wadau, hii tabia leo tuiongelee. Staa wa Bongo Muvi anaposti picha kavaa gauni refu, Biblia mkononi, chini kaandika kwamba yeye ni mtoto wa Mungu na anapendwa. Nusu saa haijaisha komenti zimejaa. "Kiki hiyo." "Tumpe wiki mbili." Mwingine kaenda kufukua picha ya miaka ile yuko klabu, kaileta na vikatuni vya kucheka. Na wanaoongoza, ukifungua kurasa zao, juu kabisa wameandika "Mungu kwanza". (Ramadhani ni yale yale: dada akijistiri anaulizwa Idi Mosi atavaa nini.)

Inawezekana kweli ni kiki. Mjini tumeona mengi, siwezi kumwapia mtu. Ila hilo jina la mtoto mpendwa linatolewaje? Kwenye Mathayo sura ya 3, Yesu anatoka majini kubatizwa, na sauti ya Baba inamtangaza kuwa mwana mpendwa. Hapo hajaponya mgonjwa hata mmoja, hajahubiri, wanafunzi hana. Hayo yote yanakuja baadaye. Sasa wewe unamdai huyu dada ushahidi wa miaka mitano ndiyo umkubali?

Halafu kuna mwana mpotevu, Luka 15. Tunampenda sana yule mdogo aliyetapanya urithi akaishia kulisha nguruwe. Kaka mtu tunamruka. Yule hakutoroka, hela ya mtu hakula, alikuwa shambani anapiga kazi. Anarudi jioni anasikia muziki, anaambiwa mdogo wako karudi, anagoma kuingia. Na cheki alichomwambia baba yake: akaanza kutaja makahaba. Picha za klabu hizo! Baba hakumfukuza, alitoka nje kumbembeleza na yeye. Hadithi inaishia pale, hatuambiwi kama aliingia.

Mimi ninachoogopa ni hiki. Mtu anayejaribu kuacha pombe au mahusiano ya hovyo, wiki za kwanza anakuwa mwepesi sana kuanguka. Kule alikotoka wanamshangilia, simu zao bado zinaita. Huku alikokuja tunamzomea. Akirudi kule tutasema "tulijua tu", kama vile hatukumsukuma. Na tusisahau huyo dada ana mama yake, mama ana simu, na anasoma.

Mambo ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 siyaingii leo, ingawa wapo wanaojisahau. Naongea na wewe unayejiita mtoto wa Mungu Jumapili. Kama Baba alikupokea na yako ambayo hayakupigwa picha, huyu mwenzako anakukosea nini akipokelewa?

Komenti yako kama bado ipo pale, kuifuta ni sekunde mbili. Au nyie mnaonaje, staa akiokoka achunguzwe kwanza? Tiririka hapo chini.