Mwenzetu Hakuwa Melankoli, Alikuwa Mgonjwa



Muhula ule tulioanza kusoma nadharia za haiba, mazungumzo ya bwaloni yalibadilika. Kila frateri alipewa jina. Anayecheka sana na kusahau kurudisha vitabu vya maktaba alikuwa sangwini. Kiongozi wa kazi za mikono asiyependa mzaha alikuwa koleri. Anayekula taratibu hadi kengele imkute na sahani mkononi alikuwa flegmatiki. Na mwenzetu mmoja mkimya, aliyezoea kukaa mwisho wa meza, tulimwita melankoli. Hakukataa. Alitabasamu kidogo akaendelea na ukimya wake, nasi tukaona tumemjua.

Hatukumjua. Kwa wiki nyingi alikuwa hapati usingizi. Alipunguza kula, akaacha mpira, akawa anaingia kanisani na kukaa benchi la nyuma kabisa bila kufungua kitabu cha sala. Kisha akaanza kugawa vitu vyake: kamusi kwa huyu, sweta kwa yule. Tulipokea na kushukuru. Mmoja wetu alisema hao ndio melankoli, watu wa kujitoa. Aliyemwokoa hakuwa frateri wala mwalimu wa saikolojia. Ni sista wa zahanati, siku mwenzetu alipokwenda kuomba dawa ya kichwa. Sista alimuuliza analala saa ngapi kwa usiku. Halafu akamuuliza, bila kuzunguka, kama huwa anawaza kufa. Wiki hiyohiyo alipelekwa hospitali, akaambiwa anaugua sonona, akaanza matibabu. Leo tunasoma naye. Ametuomba tuandike habari hii bila jina lake, na ametuambia neno ambalo bado linatuchoma: alikuwa akisubiri mmoja wetu amuulize tu kama analala.

Hatusemi nadharia hazina faida. Tunasema tulizitumia vibaya, na tunaona wasomaji wetu wa parokiani nao wanazitumia hivyohivyo, maana semina nyingi za ndoa na za miito siku hizi haziishi bila zile hulka nne. Ni vizuri kukumbuka zilikotoka. Waganga wa Ugiriki ya kale waliamini mwilini mna majimaji ya aina nne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kamasi, na kwamba yanapozidiana mtu huugua au hubadilika tabia. Melankoli maana yake ni nyongo nyeusi tu. Udaktari uliachana na nyongo nyeusi zamani sana, lakini jina limebaki, na linaandikwa ubaoni kana kwamba ni kipimo cha maabara.

Waliofuata walijaribu kwenda ndani zaidi. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1923, aliigawa nafsi sehemu tatu: tamaa zisizojua subira, sauti ya ndani inayokataza na kushutumu, na katikati yao nafsi inayohangaika kuzipatanisha na maisha ya kila siku. Hatulazimiki kumfuata Freud alipoiita dini ndoto ya mtu anayetamani baba. Lakini alichokiona, kwamba mtu anasukumwa na mengi asiyoyajua, hakiwezi kumshangaza aliyesoma sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi. Erik Erikson yeye aliyagawa maisha katika vipindi vinane, kila kimoja na mtihani wake, na tunapenda kwamba kwake mtu haishi kujengwa, hata uzeeni. Wataalamu wengi wa sasa hupima haiba kwa mambo makubwa matano: kupenda mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mambo hayo ni vipimo. Kila mtu anayo yote matano, huyu zaidi na yule pungufu, kama urefu. Hakuna anayegawa watu wa parokia katika makabila mawili, warefu na wafupi, akadhani amemaliza.

Kwa nini basi majina yale yanatunogea? Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, alichapisha jaribio ambalo lingefaa kusomwa kabla ya kila semina ya hulka. Aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa haiba, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo ya tabia yake. Aliwaomba wayape alama hadi 5 kadiri yanavyowaelezea. Wastani ulikuwa 4.26. Ndipo walipogundua kwamba wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, na mengi alikuwa ameyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Maneno ya jumla humkaa kila mtu, kama kanzu pana.

Madhara yanaanza pale jina la hulka linapofunika ugonjwa. Mtu mkimya kwa kuzaliwa ana furaha zake. Mpe rafiki mmoja na kitabu, ametosheka. Mgonjwa wa sonona amepoteza hata kile alichokuwa akikipenda. Madaktari huangalia mambo kama haya: huzuni au kukosa hamu kila siku, karibu siku nzima, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi, ya kula, ya nguvu, mawazo kuwa mazito, kujiona hana thamani, kuwaza kifo. Neno kubwa hapo ni mabadiliko. Swali la kumuuliza mwenzako ni hili: tangu lini umekuwa hivi? Hulka haina tarehe ya kuanza. Sonona mara nyingi inayo.

Kuna pia magonjwa ya haiba yenyewe, ambapo namna ya mtu ya kufikiri, kuhisi na kuishi na watu imekakamaa tangu ujana, inaonekana nyumbani, kazini na kanisani, na inamwumiza yeye au walio karibu naye. Hapa tunaomba tahadhari kubwa, kwa sababu tumesikia mafrateri, na kusema kweli hata wanandoa, wakirushiana majina ya magonjwa hayo kwa hasira. Wataalamu wenyewe wanazidi kusita. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeacha karibu aina zote za zamani. Daktari anatakiwa kwanza aseme tatizo ni kubwa kiasi gani. Ikiwa daktari anasita, frateri wa mwaka wa pili ana haraka ya nini?

Tulipokwenda kwa mazoezi ya kichungaji katika parokia moja, tulikuta kosa la upande wa pili. Mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo alikuwa akitumia dawa za hospitali kwa sababu ya kusikia sauti zinazomtukana. Kwa dawa hizo aliweza kulima, kupika, kuimba kwaya. Katika mkesha mmoja wa maombi aliambiwa kwamba sauti zile ni mapepo, na kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Akavitupa. Baada ya wiki chache alikuwa anatembea usiku barabarani akijibizana na watu wasioonekana. Ndugu zake walipomrudisha hospitali ilichukua miezi kumrejesha alipokuwa. Hatulaumu sala. Wengi waliokuwepo mkesha ule walimpenda na walilia wakimwombea. Tunalaumu kutupwa kwa vidonge, na tunalaumu kwamba sisi tuliokuwa na daftari la saikolojia mkobani hatukusema neno.

Kanisa halijatuacha gizani juu ya jambo hili. Katekisimu, namba 1673, inasema kwamba magonjwa, hasa ya akili, ni jambo tofauti linalohusu matibabu, na kwamba kabla ya kupunga pepo lazima ihakikishwe kuwa si ugonjwa. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa inamkataza yeyote kumpunga pepo aliyepagawa bila ruhusa maalumu na ya wazi ya Askofu, na ruhusa hiyo anapewa padre tu, tena mwenye ibada, elimu, busara na maisha manyofu. Kwa hiyo anayejitwalia kazi hiyo katika mkesha, awe mlei, awe frateri, hata akiwa padre asiye na ruhusa, anavuka mpaka. Yoshua bin Sira alishamsifu tabibu katika sura ya 38, akaweka sala na dawa katika nyumba moja. Na Eliya alipochoka chini ya mti akaomba afe, malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimwachia alale, akampa mkate na maji, akamwachia alale tena.

Kuna eneo moja ambapo sisi tunaojiandaa kuungamisha tutakutana na ugonjwa uso kwa uso. Atakuja mtu anayeungama dhambi ileile kila Jumamosi, na akitoka anarudi foleni kwa hofu kwamba hakuisema vizuri. Tutajaribiwa kumsifu kwa dhamiri nyororo au kumfokea kwa kutupotezea muda. Huenda anaugua wasiwasi unaojirudia, ule ambao kwa mwingine humfanya anawe mikono mara hamsini. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliujua mzigo huo. Kule Manresa, mwaka 1522, aliungama na kurudia kuungama bila kupata amani, hadi akajaribiwa kujiua. Muungamishi wake alimwambia asirudie ya zamani isipokuwa jambo lililo wazi kabisa. Shida ni kwamba kwake kila jambo lilionekana wazi. Mtu wa namna hii anahitaji muungamishi mmoja, mpole na asiyeyumba, na anahitaji tabibu. Kumruhusu arudie kila mara ni kuulisha ugonjwa.

Na juu ya waliojiua, parokiani bado tunasikia maneno makali misibani. Katekisimu, namba 2282, inafundisha kwamba matatizo makubwa ya akili, uchungu au hofu kubwa hupunguza uwajibikaji wa mtu aliyejiua, na namba 2283 inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake. Hilo katekista alifahamu kabla hajafika kwenye familia, siyo baadaye.

Turudi nyumbani, maana jambo hili ndilo linalotufanya tuandike gazetini badala ya kuzungumza bwaloni tu. Mwenzetu alificha ugonjwa kwa sababu aliogopa kufukuzwa. Hofu hiyo tunayo wengi. Tumesoma kwamba Kanuni ya 1041 inamzuia kupata daraja mwenye ugonjwa wa akili, tukaishia hapo. Kanuni yenyewe inamhusu yule ambaye, baada ya wataalamu kuulizwa, anaonekana hawezi kuitimiza huduma ipasavyo. Kuugua na kutibiwa ni jambo moja, kutoweza huduma ni jambo lingine, na anayejua tofauti ni mtaalamu, siyo uvumi wa bwenini. Miongozo ya Vatikano ya mwaka 2008 juu ya matumizi ya saikolojia katika malezi ya mapadre inataka mwanasaikolojia atumike kwa ridhaa huru ya mwanafunzi, aliyeelezwa na kuelewa. Kwa heshima zote tunawaomba walezi wetu walitamke hili mbele yetu wote, mwanzoni mwa kila mwaka: kwamba frateri anayesema siku hizi silali hajaandika barua ya kuacha wito.

Kwa parokia zetu tunaomba kidogo. Paroko awe na namba ya simu ya kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, aibandike ofisini kama alivyobandika ratiba ya misa. Viongozi wa jumuiya wamtembelee anayetumia dawa, wamuulize kama nauli ya kwenda kuzichukua ipo, kwa sababu mara nyingi haipo. Asiwepo wa kumwambia aziache isipokuwa daktari aliyempa. Na neno Mirembe tuache kulifanya tusi. Ni hospitali, iko Dodoma, na watu hutoka huko wakarudi makwao na kwenye kazi zao.

Sisi wenyewe tumeanza kwa kurudisha kamusi na sweta. Mwenzetu alicheka alipoviona, akasema kamusi tumeichafua kwa chai. Bado anakaa mwisho wa meza, kwa kuwa anasema pale hapapiti upepo wa mlango. Jina la melankoli limekufa. Amebaki sangwini mmoja tu bwaloni, na hilo jina amejipa mwenyewe, na vitabu vya maktaba bado hajarudisha.