Kuonjesha Si Kupoteza

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, muuza machungwa ajuaye kuwa yake ni matamu hukata moja akawaonjesha wapitao, wala halihesabu chungwa hilo kuwa hasara. Je, ndugu wasomaji, mwanamuziki naye aweza kufanya vivyo hivyo kwa nyimbo zake?

Huko Marekani, mwezi Machi 2008, Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails alitoa albamu iitwayo Ghosts I–IV, yenye vipande 36 vya muziki. Vipande 9 vya kwanza alivitoa bure katika intaneti. Vyote 36 aliviuza kwa dola 5. Tena aliwaruhusu watu kunakiliana albamu nzima, mradi wasiifanyie biashara. Pamoja na hayo alitengeneza toleo la fahari la nakala 2,500, kila moja ikiwa na sahihi yake na bei ya dola 300. Nakala hizo zilikwisha zote, na katika juma la kwanza mapato yalipita dola milioni 1.6.

Yamkini mtu atasema kwamba Reznor alikuwa mashuhuri tangu zamani. Basi na tuwatazame vijana wa Arctic Monkeys, wa mji wa Sheffield, Uingereza. Kabla hawajajulikana, waligawa bure sahani za nyimbo zao katika maonyesho, na mashabiki wakazieneza kwa intaneti. Albamu yao ya kwanza ilipotoka Januari 2006, nakala zaidi ya 360,000 ziliuzwa nchini humo kwa juma moja.

Wote hao walitoa kwa hiari yao, nao walikuwa na kitu cha kuuza baadaye. Kwa hiyo, mzazi mwenye kijana atungaye nyimbo na amshauri atoe moja au mbili, ataje jina lake na mahali albamu inapopatikana, kisha aandike kila kinachouzwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ama kunakili wimbo wa mtu bila idhini yake, huko si kumtangaza. Ninyi mlindao mali za watu usiku na mchana mwajua vema tofauti ya kuonjeshwa chungwa na kujitwalia kapu zima.