FERI ZA LIKONI NA SAA ZA MFANYA KAZI



Sisi tukaao ng'ambo ya Likoni twaamka saa kumi usiku, na si kwa sababu kazi iko mbali. Mkondo ule upana wake ni kama nusu kilomita tu; mtu akisimama Likoni aweza kuhesabu taa za kisiwani. Twaamka saa kumi kwa sababu hakuna ajuaye ni feri ngapi zitakuwa kazini asubuhi hiyo. Zikiwa nne, tutavuka tukanywe chai upande wa pili. Zikiwa mbili, tutasimama zizini pamoja na mikokoteni na mbuzi mpaka jua lituchome kisogo.

Mwezi uliopita wenzetu wanne, waajiriwa wa kampuni moja ambayo hatuitaji, walikatwa mshahara wa saa mbili kila mmoja. Walichelewa kuvuka. Walipomwendea karani wa saa aliwajibu, "Feri si yangu." Kweli, si yake. Lakini si ya hao wanne vile vile, wala hakuna aliyewapa ufunguo wa injini. Basi ni ya nani, na hasara yake yafaa ilipwe na nani?

Tutazame mali yenyewe. MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini ziliingia kazini mwaka 1990, wakati wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa au tungali mgongoni kwa mama. Mwaka 2010 zikaja MV Likoni na MV Kwale kutoka Ujerumani, na mwaka 2017 MV Jambo kutoka Uturuki. Hesabu inayotajwa sikuzote ni watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na magari kama 6,000. Haya, gawanya mwenyewe. Chombo kimoja kikitolewa kazini, watu wake hawabaki nyumbani kulala. Wanahamia katika vyombo vilivyobaki.

Hapa ndipo penye ugonjwa wote, na wakubwa hawapendi kupagusa. Wao husema, "Feri ni kuukuu, ndiyo maana zinaharibika." Sisi watu wa reli hatukubali maneno hayo upesi. Uzee wa chuma si dhambi. MV Uhuru ya Kisumu, ile meli ya reli ibebayo mabehewa, ilianza kazi katika miaka ya 1960. Ikalala miaka mingi bila kazi, kisha mafundi wakaishika, na mwaka 2019 ikarudi ziwani. Chuma hakihesabu siku zake za kuzaliwa. Kinahesabu mara ngapi kimefunguliwa, kikasafishwa, kikabadilishwa kilichokwisha.

Wazee wa reli walitufundisha kupiga magurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima hulia kama kengele ya kanisa. Lenye ufa hulia kama sufuria iliyopasuka. Ukisikia sauti hiyo, behewa lile latolewa njiani, hata kama limejaa sukari na mwenye sukari analia. Na feri vile vile. Ina siku yake ya kupandishwa gudini, ikwanguliwe kutu na chaza, bati la tumbo lipimwe unene, injini ifunguliwe. Lakini feri haina nafasi ya kuugua! Hakuna nyingine ya akiba ya kushika zamu yake. Basi siku ya gudi yasogezwa mpaka baada ya Pasaka, kisha baada ya Idi, kisha baada ya Krismasi kwa kuwa wageni wanakwenda Diani. Inabeba tu, inabeba tu, mpaka izime yenyewe pale maji yanapokwenda kasi. Kisha wanaiita kuukuu. Punda akipakiwa mchana na usiku bila kulishwa, akianguka utasema ni uzee?

Na feri hujazwa kupita kiasi wakati gani? Ni wakati mwenzake hayupo. Tusisahau Mtongwe. Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka ikitoka Mtongwe kuja kisiwani. Watu 272 walikufa. Wengi wao walikuwa wanakwenda kazini kama sisi, na chakula cha mchana mkononi. Tena tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia majini kutoka MV Harambee, na mama na binti yake mdogo wakafa. Miili yao ilitolewa tarehe 11 Oktoba. Siku zote hizo watu walivuka juu yao wakienda kazini na kurudi. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Mtu alikuwa akisimama kwenye ukingo na hana la kusema.

Kila mara jambo likitokea, atafutwa mtu mmoja wa kutupwa. Shuleni kwa misheni tulisoma habari za Yona: bahari ilipochafuka, mabaharia walipiga kura, kura ikamwangukia yeye. Huku kwetu kura humwangukia nahodha au baharia anayeshusha ule ulimi wa chuma, au huangukia abiria, ati hawana adabu, wanasukumana. Kura haijapata kumwangukia mtu aliyeahirisha gudi. Wale mabaharia ni wafanya kazi wenzetu. Tusiwatukane pale ngazini asubuhi. Wao ndio hukaa katika chombo hicho zamu nzima, sisi twakaa dakika kumi tu.

Wako wanaotuambia tunyamaze kwa sababu mwenda kwa miguu havuki kwa pesa. Maneno haya yanatuudhi kuliko yote. Twalipa kodi katika unga na sukari. Twalipa usingizi. Wale wenzetu wanne wamelipa saa nane za mshahara kwa asubuhi moja, na hiyo ni nauli ghali kuliko ya lori. Mwenye gari leo aweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Mchuuzi mwenye kapu la samaki atazunguka na nini?

Wengine husema tungoje daraja. Mwaka 2020, siku za korona, lilijengwa daraja la kuelea pale Liwatoni kwa waendao kwa miguu, nasi hatukulikataa. Na daraja kubwa la juu, lile la mkopo wa Wajapani, limetajwa katika mikutano kwa miaka. Lijengwe, tutalivuka kwa furaha. Lakini ramani ya daraja haivushi mtu, na tunaogopa kwamba kila daraja likitajwa, mwenye kutunza fedha hupata sababu ya kutonunua feri. Shirika la Kenya Ferry Services lenyewe limekwisha kuwekwa chini ya Halmashauri ya Bandari. Kubadili ubao wa mlangoni hakuondoi kutu.

Twataka feri moja ya akiba wakati wote, isiyopangiwa zamu, ili nyingine ziende gudini kwa siku yake. Twataka cheti cha ukaguzi cha kila feri kibandikwe pale watu wanapongojea, kwa Kiswahili, chenye tarehe, kila mtu asome. Lakini hayo yatachukua muda, nasi hatutaki kudanganyana. Liko moja liwezalo kupatikana upesi, nalo liko mikononi mwetu: kila tawi linalokwenda kufanya mapatano ya mishahara litie kifungu kwamba mfanya kazi aliyecheleweshwa na feri asikatwe saa.

Kwa hiyo kila mwanachama avukaye aandike katika daftari siku aliyochelewa, saa aliyofika ngazini, saa aliyovuka, na feri zilizokuwa kazini. Asiyejua kuandika amwambie jirani. Madaftari yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Wale wenzetu wanne wamekwisha kuleta yao, na kesi yao itapelekwa kwa mwajiri wiki ijayo. Jibu lake tutalipiga chapa katika karatasi hii, liwe zuri au baya.