Nani Aliwafunza Wanafunzi Wetu Kunyamaza?

Kila mwisho wa mhadhara huuliza, "Kuna swali?" Ukumbi hunyamaza. Nikifika mlangoni, watatu au wanne hunifuata na kuniuliza kwa sauti ya chini yale ambayo ukumbi mzima ulipaswa kuyasikia. Majuzi nilimwuliza mmoja wao kwa nini hakuuliza ndani. Akajibu, "Mwalimu, huko shuleni aliyeuliza alichekwa."

Baadhi ya wenzangu husema wanafunzi wa siku hizi ni wavivu wa kufikiri. Nakataa. Mtoto wa miaka minne humchosha mama yake kwa "kwa nini?" Huyohuyo akifika chuo kikuu akiwa bubu, basi wapo waliomfunga mdomo njiani, nasi wahadhiri tumo. Tunasoma kitini kilekile kila mwaka, tunatunga mtihani kutoka humo, kisha tunampa alama ya juu aliyekariri madesa bila kuhoji hata sentensi moja. Mimi mwenyewe nimewahi kumjibu mwanafunzi, "Hilo nenda ukalisome." Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Mwaka 1967, katika *Elimu ya Kujitegemea*, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi. Leo andiko hilo nalo tunalikariri kwa ajili ya mtihani.

Tusidhani hasara inaishia darasani. Aliyezoeshwa kutohoji kitini hatahoji dokezo litakalofika mezani pake ofisini. Ataidhinisha malipo kwa sababu mkubwa wake amekwisha kusaini. Kisha tunamsubiri Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aje kuuliza maswali ambayo mhasibu na ofisa ununuzi walipaswa kuyauliza kabla fedha hazijatoka. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kutafuta habari. Ataitumiaje haki hiyo mtu aliyelelewa aone kuuliza ni utovu wa adabu?

Wahadhiri wenzangu, tutoe alama kwa swali zuri kama tunavyotoa kwa jibu, na tusione haya kusema, "Sijui, tulitafute pamoja." Nanyi wanafunzi, kuuliza si ujinga. Kuanzia muhula huu, dakika kumi na tano za mwisho za kipindi changu ni za maswali yenu. Mlangoni sitajibu tena. Swali lako lilete ndani, wenzako walisikie, nami nikishindwa kulijibu, washuhudie.