Kiraka Kilingane na Tundu

Mvuvi wa Nungwi au Kojani akiona jarife lake limetoboka halitupi akanunua jingine. Hukaa pwani, akalitafuta tundu, akalishona pale pale lilipo. Na mwenye jahazi linalovuja hukalafati mshono unaoingiza maji. Haundi jahazi jipya. Huo ndio ujuzi tuliourithi visiwani. La kusikitisha ni kwamba katika kompyuta ambazo siku hizi twazitegemea hospitalini, skuli, bandarini na katika afisi za Serikali, ujuzi huo mara nyingi huachwa nje ya mlango.

Kila programu ya kompyuta ina kasoro zake, na walioitunga hawana budi kuitengeneza mara kwa mara. Kazi ya kuiunda upya siku hizi haifanywi kwa mkono. Fundi akishabadili mistari michache, mtambo huiunda programu yote wenyewe, pengine mara kadhaa kwa siku moja. Hilo ni jambo jema. Kosa huanza pale mtumiaji anapoletewa programu nzima ilhali kilichobadilika ni chembe tu. Mwenye kuulipia mzigo huo ni mwananchi na afisi ya wilaya, wanaonunua intaneti kwa kipimo.

Dawa ya jambo hili ipo, na ni ya miaka mingi. Mwaka 2003 Colin Percival alitoa programu iitwayo bsdiff, inayolinganisha toleo la zamani na jipya na kutoa tofauti yake tu. Mwaka 2009 wahandisi wa Google walieleza njia waliyoiita Courgette. Katika mfano wao wa programu ya Chrome, toleo zima lilikuwa na baiti 10,385,920; kiraka cha bsdiff baiti 704,512; na kiraka cha Courgette baiti 78,848. Mzigo ulipungua zaidi ya mara 130. Kompyuta ya mpokeaji, iliyo na toleo la zamani tayari, ilitia kiraka hicho na kupata toleo jipya kamili.

Lakini kiraka kidogo hakiji kwa bahati. Mtambo usipochungwa hutia ndani ya programu saa na tarehe ya kuundwa, au hupanga mafaili kwa utaratibu tofauti kila mara. Matoleo mawili yaliyo sawa kwa kazi huonekana tofauti, na kiraka hufura bure. Vivyo hivyo, mafaili yakikandamizwa kabla ya kulinganishwa, badiliko dogo huweza kuvuruga yote yanayofuata, na faida ya kulinganisha ikapotea.

Pengine mtu atasema haya ni mambo ya mafundi. Sivyo. Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba udhaifu katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu haribifu iitwayo WannaCry ilipita katika udhaifu huo, na hospitali za Uingereza zikalazimika kufuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Hatudai kuwa sababu ilikuwa ukubwa wa kiraka. Twasema kwamba kiraka kisichofika hakizibi, na kila kinachokizuia kisifike, ukiwamo uzito wake, ni hatari kwa umma.

Kwa hiyo twawaomba wahusika watie masharti manne katika kila mkataba wa Serikali wa kununua au kutungisha programu. Kwanza, mtambo uunde programu kwa njia ambayo maandishi yale yale hutoa faili lile lile. Pili, kila toleo linapotoka, mtambo utoe viraka kutoka matoleo yote ambayo bado yanatumika, ili afisi iliyokaa miezi bila ya mtandao ivuke kwa hatua moja. Tatu, kila kiraka kiwe na saini ya kidijitali, na kompyuta ihakikishe matokeo kabla ya kuliacha toleo la zamani. Kikikataa, ndipo iletwe programu nzima. Nne, nakala iwekwe hapa hapa visiwani, ivutwe mara moja na kugawiwa kwa wote.

Wenye kutunga programu watasema kazi hii inaongeza gharama. Ni kweli. Lakini mtambo hufunzwa mara moja, na mzigo mkubwa hulipwa na kila afisi kila toleo jipya linapotoka. Tena tusisahau mwezi wa Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu chini ya bahari na intaneti ya Afrika ya Mashariki ikadorora. Siku kama hizo, kiraka cha kilobaiti chache hupenya pale ambapo programu nzima hukwama njiani.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuko tayari kuziba. Tunachokataa ni kulazimishwa kununua ukuta mzima kila panapotokea ufa.