Jino si Njia

Watakaokasirika na wakasirike. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini kusoma nasoma, na hili la jino la Buddha limenikaa rohoni.

Pale Kandy, Sri Lanka, lipo hekalu linalolitunza. Aprili 2025 lilipooneshwa hadharani, mara ya kwanza tangu 2009, foleni zilirefuka hata polisi wakawasihi watu wasije tena. Kuliona tu, basi!

Mwenyewe alisemaje? Maandiko ya dini yake yanasimulia kwamba alipokaribia kufa alimwambia Ananda, mwanafunzi wake, watawa wasihangaike na mwili wake. Anayemheshimu kweli ni anayeyaishi mafundisho. Alipokwisha kuchomwa, wafalme nusura wapigane kwa ajili ya mabaki, hadi yakagawanywa mafungu manane. Heshima gani hiyo?

Amri yake ya kwanza ni kutoua. Lakini nchi yenye jino lake ilichinjana tangu 1983 hadi 2009. Januari 1998 Tamil Tigers walilipua lori la mabomu palepale hekaluni. Jino likasalimika, watu wakafa.

Simcheki bibi anayepeleka maua. Sala yake yenyewe husema ua hili litanyauka, na mwili wangu vivyo hivyo. Akilitia hilo moyoni, keshafika, hata asipoliona jino. Ugomvi wangu ni na anayetoka foleni na chuki ileile aliyoingia nayo.

Anayepinga, kalamu anayo. Aandike.